Jina la Mtoto na Jina la Ukoo katika Nchi ya Uha

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo hubisha hodi katika kila nyumba. Mtoto amezaliwa. Mama yu mzima, shukrani zimetolewa, na wazee wameketi. Ndipo laja swali: mtoto huyu aitwe nani? Jina la mwisho limekwisha kuwapo, kwani ni la baba au la babu. Linalotafutwa ni jina la kwanza, lipatane na lile la ukoo, lisikike vema yakitajwa pamoja shuleni, kanisani, msikitini au barazani.

Huko Kasulu na Kibondo, katika milima ya Kigoma, swali hili lina uzito wake wa pekee. Majina ya Kiha ni marefu, na mengi yana maneno makali ndani yake. Basi baadhi ya wazazi wa siku hizi huona njia iliyo rahisi ni kuliacha jina la Kiha kabisa, wakamwandikia mtoto majina mawili ya kigeni. Kabla hatujawasifu wala kuwalaumu, yafaa tutazame jinsi jina la ukoo lilivyofika katika nchi ya Uha. Tukiijua njia lililopitia, tutajua pia namna ya kulichagulia mwenzake.

Kwanza tufahamu ya kuwa jina la ukoo ni geni katika Uha. Waha walikuwa na koo zao tangu kale, na kila mtu aliujua ukoo wake. Lakini ukoo haukuwa sehemu ya jina la mtu. Mtoto hakurithi jina la baba yake. Ndugu watano wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kwa herufi moja. Ikiwa watu wawili walishiriki jina, mmoja aliitwa mwana wa fulani, na mwingine mwana wa fulani, na hapo shauri lilikwisha.

Jina lenyewe lilikuwa ni neno lililosemwa siku ile, na mara nyingi lilikuwa sentensi nzima. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana, na majina mengi husikika pande zote mbili za mpaka. Ntakarutimana maana yake ni kwamba hakuna kimpitacho Mungu. Bigirimana ni kusema kwamba mambo yote yana mwenyewe, naye ni Mungu. Nzeyimana ni mtu asemaye, "Namtumaini Mungu." Haya ni majina ya shukrani na imani. Lakini yako pia majina ya uchungu. Ntibashima maana yake ni kwamba watu hawana shukrani. Rurihose ni kusema kwamba mauti yako kila mahali. Jina kama hilo latujulisha nyumba iliyokwisha kuzika. Nsanzugwanko, jina linalojulikana sana kwa sababu ya Bwana Daniel Nsanzugwanko aliyekuwa Mbunge wa Kasulu, kwa Kiswahili ni kama kusema, "Nimekuta chuki."

Msikilizaji mgeni ataweza kuuliza: mzazi gani huyu amwitaye mtoto wake chuki au mauti? Lakini hakumwita mtoto hivyo. Mzazi alikuwa akisema na jirani zake. Yaliyokuwa moyoni mwake hakuyapigia kelele barazani. Aliyatia katika jina la mtoto, na kila mara mtoto alipoitwa aje kula, jirani aliyehusika aliyasikia. Jina lilikuwa barua iliyo wazi. Tena lilikuwa la mtu mmoja na la siku moja. Mwenye jina alipokufa, barua ile ilikuwa imekwisha kusomwa.

Yako na majina yaliyofuata mpango. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, na mtoto awafuataye huitwa Chiza, maana yake ni kizuri. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane, na Nyabenda ni wa tisa. Mtu akitajiwa jina kama hilo, alijua mara moja mahali pa mtoto katika nyumba ya wazazi wake, pasipo kuuliza zaidi.

Basi mambo yalibadilikaje? Yalibadilika kwa njia tatu, nazo zilikuja moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza ni ile ya pwani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilifika Ujiji, ukingoni mwa ziwa la Tanganyika, chini ya milima ya Uha. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya Waarabu ya kufuatisha jina la baba kwa neno bin au binti. Mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, ambaye jina hilo lilikuwa la utani tu, aliitwa hasa Hamed bin Muhammed. Hapo watu wa bara waliona mtindo mwingine: mtu na baba yake kutajwa kwa pumzi moja. Hata hivyo, hilo nalo halikuwa jina la ukoo. Lilibadilika katika kila kizazi, kwa kuwa mwana wa Hamed aliitwa bin Hamed, wala hakuitwa bin Muhammed.

Njia ya pili ni ile ya ubatizo. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru maparoko wa Kanisa Katoliki waweke kitabu cha ubatizo, na desturi hiyo ilikuja Afrika pamoja na wamisionari. Padre alipombatiza Mha alimpa jina la mtakatifu, naye mwalimu wa Kiprotestanti alimpa jina la katika Biblia. Jina hilo jipya liliandikwa mbele. Jina lililosemwa siku ya kuzaliwa lilisukumwa nyuma, likawa la pili. Ndipo tukapata akina Yohana Bigirimana na akina Maria Nyandwi. Tuangalie vema jambo hili: jina la nyuma lilikuwa bado ni la mtu mwenyewe, si la baba yake.

Njia ya tatu ndiyo iliyokaza fundo, nayo ni ile ya meza ya karani. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba katika nchi hii mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na Uha ikawa chini yao mpaka mwaka 1921, ilipotiwa katika Tanganyika ya Waingereza. Urundi ilibaki kwa Wabelgiji. Mwaka 1922 Waingereza wakatoa sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kila serikali ilikuja na daftari lake, na daftari halitaki sentensi moja ya siku moja. Daftari lataka kujua huyu ni nani, na kumtenga na mwenziwe wa kijiji cha pili. Kwa hiyo karani aliuliza, "Wewe u mwana wa nani?" Jina la baba likaandikwa mwisho.

Tena Uha ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa vibarua wengi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chama chao cha kuandika vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Vibarua hao waliitwa manamba, neno litokalo katika Kiingereza, maana yake ni watu wa hesabu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Alipewa kipande cha siku 30, na siku alizofanya kazi zilitiwa alama. Fikirini, wasikilizaji: mtu aliyetoka kwao akiitwa Hakuna Kimpitacho Mungu, alifika shambani akaitwa kwa tarakimu. Jina lake liliandikwa na karani asiyejua Kiha, kama alivyolisikia. Alipoandika vibaya, kosa lake lilirudi nyumbani pamoja na mtu huyo, na baadaye likaingia katika daftari la shule la watoto wake.

Shule ndiyo iliyomaliza kazi. Mwalimu alitaka jina la mtoto na jina la baba. Mtoto wa mtoto huyo, naye alipopelekwa shule, aliandikwa jina lile lile la mwisho, maana limekwisha kuzoewa. Hivyo sentensi ya mtu mmoja ikawa jina la ukoo.

Msidhani kwamba jambo hili liliwapata Waha peke yao. Waingereza nao hapo kale hawakuwa na majina ya ukoo. Walianza kuyashika polepole baada ya Wanormani kuitwaa nchi yao mwaka 1066, na ilichukua karne kadhaa kabla ya kuenea kwa watu wote. Smith si kitu ila mhunzi, na Johnson ni mwana wa John. Wajapani waliamriwa na serikali yao mwaka 1875 kila mtu awe na jina la ukoo. Waturuki walitungiwa sheria ya namna hiyo mwaka 1934. Watu wa Iceland, mpaka leo, wengi wao hutumia jina la mzazi, nalo hubadilika katika kila kizazi. Kwa hiyo jina la ukoo halikushuka kutoka mbinguni. Mahali pengi liliwekwa na serikali iliyotaka kuhesabu watu wake, na watu wakalizoea hata wakalipenda.

Hapa kwetu tuna mfano mashuhuri. Mwaka 1922, huko Butiama katika nchi ya Wazanaki, alizaliwa mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alibatizwa mwaka 1943 akapewa jina la Julius. Jina lake la mwisho lilikuwa la baba yake, Nyerere, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi, kwa sababu mzee yule alizaliwa wakati viwavi vilipoijaa nchi. Leo nani asikiaye jina la Nyerere akawakumbuka viwavi? Watu humkumbuka aliyeliongoza taifa. Hapo twajifunza jambo kubwa: jina la ukoo huanza na maana ya siku lilipotolewa, kisha huchukua maana ya watu waliolibeba.

Katika Uha yenyewe tunaye Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti cha Heru, katika Kasulu, tangu mwaka 1946, na kujulikana katika Tanganyika nzima kama mwanamke mtawala, mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa mwaka 1963. Ntare maana yake ni simba, nalo ni jina la kifalme lililotumiwa na watawala wa Heru na pia wa Urundi. Theresa ni jina la ubatizo. Majina hayo yalitoka mbali, moja ng'ambo ya bahari na jingine katika milima ya Uha, lakini yasikilizeni yakitajwa pamoja: Theresa Ntare. La kwanza lina silabi tatu nalo huishia kwa irabu, na la pili ni fupi nalo huanza kwa sauti ya puani. Hayagongani. Jina la mtakatifu halikumfukuza simba, wala simba hakumla mtakatifu.

Sasa turudi kwa wazazi wetu wa leo na mashaka yao.

Shaka la kwanza ni maana. Mtoto aliyezaliwa peke yake huitwa Butoyi kwa sababu babu yake alikuwa pacha. Mwingine hubeba neno la chuki juu ya ugomvi ambao waliogombana walikwisha kufa zamani. Je, si kumtwika mtoto mzigo usio wake? Twajibu kwamba mzigo huo hupungua mzazi akijua maana, kisha akachagua jina la kwanza la kuijibu. Kwa jina la Ntibashima, lisemalo watu hawana shukrani, mtangulizie Shukuru. Kwa Rurihose, lisemalo mauti yako kila mahali, mtangulizie Uzima au Tumaini. Kwa Chiza, Neema litafaa sana. Babu alisema neno lake, nanyi mnasema lenu, na mtoto anatembea na mazungumzo ya vizazi viwili. Lakini asiyeijua maana aweza kumwita mtoto wake Mauti mbele ya Rurihose akidhani amepamba!

Shaka la pili ni sauti. Hapa yapo mambo machache yafaayo kuangaliwa. Jina refu la ukoo hupenda jina fupi mbele yake: Ana Ntakarutimana huenda vizuri, bali Maksimiliani Ntakarutimana humchosha hata mwalimu aitaye majina asubuhi. Jina fupi la ukoo laweza kuchukua jina refu, kama Emanueli Chiza. Tena lugha zetu hupenda silabi iishe kwa irabu. Ukisema Gabriel Ntare, ulimi hujikwaa kati ya l na nt. Ndiyo sababu wazee walisema Gabrieli, wala hawakukosea. Mwisho, jihadharini na silabi inayorudiwa pale majina yanapokutana. Yohana Nahimana likitamkwa upesi humeza na moja, na karani ataandika lile alilolisikia. Njia ya kujaribu ni rahisi: simama mlangoni, uite jina zima kwa sauti kubwa kama umwitaye mtoto aliye ng'ambo ya bonde. Likifika bila kuvunjika, ni jina zuri.

Shaka la tatu ndilo zito kuliko yote. Majina ya Waha hufanana na majina ya Warundi, kwa sababu lugha zao ni ndugu na zilikuwapo kabla ya mpaka. Wakimbizi kutoka Burundi wamekuja Kigoma mara nyingi, tangu mwaka 1972, na kambi za Nyarugusu katika Kasulu na Nduta katika Kibondo zinajulikana na wote. Kwa hiyo wenyeji wengi wa Kigoma wamelalamika kwamba wakienda kutafuta kitambulisho au hati ya kusafiria, huulizwa maswali ambayo mtu wa mkoa mwingine haulizwi, na jina ndilo huanza kuwatia mashakani. Basi mzazi hufikiri moyoni: nikilifuta jina la Kiha, mwanangu atapita kwa urahisi.

Twamhurumia mzazi huyo, wala hatumcheki. Lakini tumwombe apime mambo mawili. La kwanza, mtoto asiyefanana na baba yake kwa jina hupata taabu nyingine: cheti cha kuzaliwa chasema hivi, cheti cha shule chasema vile, na siku ya mirathi au ya kitambulisho huulizwa, "Huyu uliyemwandika kuwa baba yako ni baba yako kweli?" Fomu za siku hizi zataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, kuuunga tena ni kazi na gharama. La pili, jina la babu aliyelipa kodi Kasulu na kukata mkonge Tanga ni ushahidi wa kuwa watu hawa walikuwapo katika nchi hii. Kulifuta ni kumfukuza shahidi wako mwenyewe kabla shauri halijasikilizwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla ya kwenda kumwandikisha mtoto, mwendeeni bibi au mzee mmoja, mkamwulize jina la ukoo lina maana gani na lilitolewa kwa sababu gani. Liandikeni jibu lake, kwani mzee hangoji. Kubalianeni herufi zake. Jirani zetu Warundi huandika Ciza, na sisi twaandika Chiza. Wao husema urwanko, na Waha husema ugwanko. Chagueni namna moja, muishike katika kila hati: ya kliniki, ya ubatizo, ya shule na ya serikali. Kisha tafuteni jina la kwanza lijibulo maana yake na kupatana na sauti yake. Jina zuri kuliko yote laweza kuwa la Kiha vilevile, kwa maana hakuna sheria isemayo Kiha kikae nyuma siku zote.

Zamani Mha alipewa jina moja, nalo lilikuwa neno la mzazi wake siku ile. Leo hupewa mawili au matatu, na moja tu kati ya hayo ndilo wazazi walichagualo; mengine huletwa na daftari. Basi hilo moja na lichaguliwe kwa kusikiliza yale mengine, kama mtu aingiaye katika mazungumzo ya wakubwa: husikiliza kwanza, ndipo aseme.